Mpwa Wangu, Hiyo Biashara ya Kakti Tuiache

 Huku Diepsloot Julai ndiyo hii, asubuhi ukifungua mlango unakuta sakitu imetanda juu ya majani kama mtu amemwaga unga, na sisi wa kazi za bustani mikono imepasukapasuka. Lakini leo sikuja kulia baridi.

Nimekuja na jambo moja tu. Wiki mbili zilizopita mpwa wangu wa Handeni, mtoto wa dada, alinitumia ujumbe kwa WhatsApp. Ameona video inayosema kwamba Afrika Kusini kuna vikakti vidogo, vingine havizidi gololi, na matajiri wa Asia na Ulaya wanavinunua kwa mamia ya dola. Akaniandikia: "Mjomba, wewe upo huko huko na kazi yako ni bustani. Mimea yenyewe inaota bure porini. Wewe chimba, mimi natafuta wateja mtandaoni, tunagawana." Siku chache baadaye rafiki yangu wa Korogwe naye akauliza hilo hilo, kisha jirani yetu wa zamani wa Segera. Nikaona badala ya kumjibu kila mtu peke yake nijibu hapa, msome wote.

Jibu langu ni hapana. Na sababu si polisi peke yao, ingawa nao wapo. Naomba mnivumilie nieleze, maana ukimwambia kijana hapana bila kumpa sababu, atatafuta mjomba mwingine.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Nyumbani kila mmea wenye miiba au wenye maji ndani tunauita kakti. Mpungate kakti, mshubiri kakti, hata mnyaa wa uzio watu wanauita kakti. Ukweli ni kwamba kakti halisi ni mimea ya Amerika. Aina zake zinapita elfu moja na mia nne, na ni moja tu inayoota Afrika kwa asili yake, nayo wala haikai jangwani. Inaning'inia kwenye miti ya msituni, hata kwetu Tanzania ipo. Mpungate uliletwa na watu, na ndiyo maana leo wafugaji wa Laikipia kule Kenya unawatoa machozi. Mimea ya ukame ya Afrika ni ukoo mwingine kabisa. Imefanana na kakti kwa sababu shida ni zile zile, jua kali na maji haba, na suluhisho limekuwa lile lile: jaza maji tumboni, funga mdomo, subiri. Vile vya kwenye video ya mpwa wangu vinaitwa Conophytum. Si kakti, lakini yanayovipata ndiyo hayo hayo yanayozipata kakti za kweli.

Nianze na hizo za kweli. Mwaka 2015 wataalamu walitoa tathmini ya aina 1,478 za kakti duniani, wakakuta 31 kwa mia ziko hatarini kutoweka. Kulinganisha tu, kwa wanyama wanyonyeshao wakati huo ilikuwa kama 25 kwa mia, na ndege 13. Yaani tunapiga kelele za faru na tembo, na ni haki yao, kumbe kakti imezidiwa kuliko wao na haina hata mtu wa kuililia. Katika zile zilizo hatarini ambazo watu huzipanda kama mapambo, 86 kwa mia zilikuwa zinachukuliwa porini. Sikilizeni vizuri hapo. Hazitoki kwenye kitalu. Zinang'olewa zilikozaliwa.

Mfano mmoja ni Copiapoa, kakti za jangwa la Atacama kule Chile. Jangwa hilo linaweza kukaa miaka bila mvua ya maana, na hizi kakti zinaishi kwa ukungu unaotoka baharini. Zinakua polepole mno. Shirika la IUCN, lile linalotunza Orodha Nyekundu ya viumbe vilivyo hatarini, lilisema mwaka 2013 kuwa 55 kwa mia ya aina za Copiapoa ziko hatarini. Mwaka 2024 likatazama upya, ikawa 82 kwa mia. Miaka kumi na moja tu! Sababu zilizotajwa ni barabara na nyumba zinazojengwa kwenye maeneo yake, na biashara haramu iliyopata nguvu kupitia mitandao ya kijamii. Februari 2020 polisi wa Italia waliingia nyumba moja katika mji wa Senigallia wakakuta kakti zaidi ya elfu moja za Chile. Mimea zaidi ya 800 ilirudishwa Chile mwaka 2021. Nyingine zilikwisha kufa.

Sasa tuje huku kwetu ugenini. Diepsloot iko kaskazini ya Johannesburg, mtaa ulioanza mwaka 1995 kwa kuwaweka watu waliohamishwa kutoka Zevenfontein na kwingineko, na kufikia sensa ya 2011 tulishapita watu 138,000. Karibu na hapa inapita barabara kuu ya N14. Ukiingia barabara hiyo ukaelekea magharibi bila kugeuka, ukapita Kuruman na Upington, utaendesha zaidi ya kilomita 1,000 mpaka ikuishie Springbok, Namaqualand. Hapo ndipo penyewe. Eneo hilo lote mpaka kusini mwa Namibia linaitwa Succulent Karoo, lina aina zaidi ya 6,000 za mimea, na nyingi hazipatikani popote pengine duniani. Wageni wakipita wanaona mawe matupu. Kumbe katikati ya mawe ndipo Conophytum zimejificha. Kiangazi zinajikausha na kujifunika ngozi ya zamani kama karatasi, utadhani zimekufa. Mvua ya baridi ikija zinapasua ngozi na kutoka mbichi. Aina nyingine inakaa kwenye kilima kimoja tu. Kilima kimoja! Mtu mwenye kisu na mfuko anaweza kuimaliza aina nzima kabla ya saa ya chakula cha mchana.

Na ndivyo inavyofanyika. Tangu mwaka 2019 hadi 2024, vyombo vya dola vya Afrika Kusini vilikamata zaidi ya mimea milioni moja ya ukame iliyochimbwa kinyume cha sheria. Hiyo ni ile iliyokamatwa tu. Karibu aina zote za Conophytum sasa zimewekwa katika makundi ya hatari. Watafiti wameacha kuandika mahali aina mpya ilipoonekana, maana zamani wakiandika kilima fulani, msomaji wa kwanza alikuwa mwanafunzi na wa pili alikuwa mwizi.

Hapa ndipo ninapotaka kutoa hoja yangu kubwa. Serikali au wataalamu wakisema mmea uko hatarini, wewe na mimi tunasikia onyo. Mkusanyaji wa vitu adimu anasikia bei. Kadiri mmea unavyopanda ngazi kutoka "hatarini" kwenda "hatarini kabisa", ndivyo anavyoongeza dau ili awe nao kabla haujaisha. Kwa hiyo orodha peke yake haiokoi kitu. Ni kama kubandika tangazo mlangoni: humu ndani mna dhahabu na mlinzi ni mmoja. Sisemi orodha isiwepo, bila orodha tusingejua tunapoteza nini. Nasema orodha bila kumfuata mnunuzi inageuka kuwa tangazo la biashara.

Msidhani haya mambo yako mbali kilomita elfu. Barabara ya R511 inayopita pembeni mwa Diepsloot, ile tunayopandia taksi kila asubuhi, ukiifuata kaskazini inakufikisha Hartbeespoort, chini ya milima ya Magaliesberg. UNESCO iliitambua Magaliesberg kuwa hifadhi ya bioanuwai mwaka 2015. Juu ya mawe ya milima hiyo unaota mshubiri unaoitwa Aloe peglerae, kwa jina la Alice Pegler, mama aliyekusanya mimea mingi ya nchi hii. Huu mshubiri hauna shina refu wala hauzai vitoto pembeni kama ile ya nyumbani tunayowapaka watoto wakiungua. Kila mmoja unakaa peke yake, majani yamejikunja ndani kama mtu aliyefumbata ngumi. Majira haya ya baridi unatoa ua moja nene jekundu ambalo linafunguka likipauka. Ndege wa mawe wanakuja kunywa asali yake mchana, na usiku panya wa porini nao wanakuja. Haupatikani penginepo duniani ila safu hii ya milima na vilima vya jirani. Kwenye Orodha Nyekundu ya Afrika Kusini umeandikwa uko hatarini kutoweka, na moja ya sababu kubwa ni watu kuung'oa wakapande majumbani.

Naujua huo ung'oaji unavyoanza. Mwaka jana bwana mmoja ambaye namtunzia bustani, jina lake naliweka kando, aliniambia Jumapili nichukue pikapu yake, nipande mlimani na vijana wawili nimletee mishubiri mitano. Nikamwambia ipo vitaluni, imeoteshwa kwa mbegu, ina risiti na kibali. Akasema hiyo ni midogo, yeye anataka mikubwa. Nikajaribu kumweleza kuwa mikubwa ndiyo yenye umri wa miaka mingi na ndiyo inayozaa mbegu, ukiiondoa hiyo mlima unabaki na watoto wasio na wazazi. Akanitazama kama nimemtukana. Sikwenda. Kazi hakunifukuza, lakini ile bahasha ya Desemba ambayo wenzangu walipata, mimi sikuiona.

Neno lake hilo, "nataka mikubwa", ndilo linalobeba kesi nzima. Mkusanyaji haridhiki na mmea wa kitalu kwa sababu ni laini, umenenepa, hauna kovu. Yeye anataka ule uliochapwa na jua miaka thelathini, wenye sura ya uzee. Anataka anunue muda. Na muda, ndugu zangu, ndiyo kitu pekee ambacho hakuna kitalu kinachoweza kukiotesha haraka. Kichekesho ni kwamba mmea wa namna hiyo ukishafika bustanini unawekwa kwenye nyasi zinazomwagiwa maji kila jioni. Mizizi ilikwisha katwa wakati wa kung'oa, sasa inalowa, inaoza. Mimi ndiye ninayetumwa kutupa.

Sasa najua mpwa wangu atasema nini, maana nilipomjibu kwa kifupi alisema hivyo hivyo: "Mjomba, kati ya mmea na mtu mwenye njaa, bora nani?" Ni swali la haki na silikimbii. Kule Namaqualand migodi mingi ya shaba na almasi imefungwa. Ukame wa miaka ile ya kuanzia 2015 uliwamalizia watu mbuzi na kondoo. Halafu mwaka 2020 ikaja korona, wageni waliokuwa wakija wenyewe kuchimba wakashindwa kusafiri, wakaanza kuwaajiri wenyeji kwa simu. Mtu ana watoto, hana kazi, anatumiwa picha ya mmea kwenye simu na kuambiwa ajaze boksi. Mimi sitamhukumu. Ningekuwa yeye sijui ningelala na njaa siku ngapi.

Lakini tufanye hesabu pamoja. Mchimbaji analipwa kidogo, mnunuzi wa mwisho analipa kwa dola, tofauti inakaa kwa watu wa katikati ambao hawajawahi kuona kilima chenyewe. Mchimbaji ndiye anayekutwa na udongo kwenye kucha. Sheria ya taifa ya bioanuwai ya mwaka 2004 inaruhusu adhabu ya mpaka miaka 10 jela au faini ya mpaka randi milioni 10, na ile ya jimbo la Northern Cape nayo inazilinda hizo Conophytum. Bosi wa mtandaoni anafunga akaunti moja na kufungua nyingine. Na kilima kikishakwisha, kimekwisha; mwaka unaofuata yule mwenye njaa ana njaa ile ile na kilima hana. Kwa hiyo hilo swali la mmea au mtu limekaa vibaya. Kwenye biashara hii mmea na mtu maskini wako upande mmoja, wote wawili wanachimbwa.

Na kwa sisi wageni kuna la ziada. Wote mnakumbuka vurugu za mwaka 2008 dhidi ya wageni, na zilifika hapa Diepsloot. Aprili 2022 Mzimbabwe mmoja, baba wa watoto, aliuawa hapa hapa mtaani na kundi la watu waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakidai hati. Katika mtaa wa namna hiyo, siku atakapokutwa mgeni na maboksi ya mimea ya wizi chini ya kitanda, hatasemwa yeye peke yake. Tutasemwa wote: Mtanzania, Mmalawi, Msumbiji, hata yule mama anayeuza nyanya kwa haki yake pale karibu na stendi ya taksi. Mpwa wangu anaona dola kwenye simu. Mimi naona mlango wangu wa bati.

Wengine watasema: basi biashara ifanywe kihalali na faida irudi kwa wenyeji. Naafiki, lakini tusidanganyane kuwa ni rahisi. Mtakumbuka miaka ya 2000 ilivyovuma habari ya Hoodia, mmea wa Kalahari uliotangazwa kama kakti ya kupunguza unene, ingawa nao si kakti. Wasan waliutafuna vizazi na vizazi ili kutuliza njaa wakiwa mawindoni. Taasisi ya utafiti ya serikali hapa ikachukua hataza juu ya dawa iliyomo ndani yake, na Wasan wakasahauliwa mpaka kelele zilipopigwa, ndipo makubaliano ya kugawana mapato yakasainiwa mwaka 2003. Wakati huo dunia nzima ilikuwa inauza vidonge vya Hoodia, vingi havina Hoodia yenyewe, na porini watu wakawa wanaifyeka. Mwaka 2004 nchi wanachama wa CITES, ule mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, zikaamua biashara yake iwe kwa vibali. Mwaka 2008 kampuni ya Unilever iliyokuwa imewekeza ikajitoa kwa sababu za usalama na ufanisi wa dawa. Neema waliyoahidiwa Wasan haikuja. Jina la mmea likipata umaarufu kabla ya utaratibu, mmea unaliwa na wenye mmea wanabaki wakitazama.

Vibali navyo peke yake havitoshi. Huku kuna mimea ya kale inaitwa Encephalartos, inafanana na mnazi mfupi. Mmoja wao, Encephalartos woodii, ulikutwa msitu wa oNgoye mwaka 1895. Ulikuwa mmea mmoja wa kiume na mpaka leo jike lake halijapatikana. Yote iliyopo bustanini duniani ni vipande vya bwana huyo huyo mmoja. Kwenye majumba ninayofanya kazi mimea ya ukoo huu ina vibali, mingine imepachikwa kidude cha utambulisho ndani ya shina. Na bado inaibwa. Mwaka 2014 wezi waliingia hata bustani ya taifa ya Kirstenbosch, Cape Town, wakabeba zaidi ya ishirini. Sasa kama mmea mzito kuliko mtu umeshindikana kulindwa kwa makaratasi na vidude, Conophytum yenye ukubwa wa punje ya mbaazi utaipachika wapi?

Na ile mimea inayokamatwa, msidhani inarudishwa kilimani mambo yakaisha. Mara nyingi hakuna anayejua imetoka kilima gani. Ukiirudisha kwa kubahatisha unaweza kuchanganya aina au kupeleka magonjwa. Kwa hiyo inapelekwa kwenye bustani za taifa, inajaa, inahitaji watu na maji, na mingi inakufa humo humo mikononi mwa watu wanaoipenda.

Maoni yangu basi ni haya. Serikali ya hapa ilitoa mkakati wake juu ya biashara hii mwaka 2022, na kwenye karatasi ni mzuri. Lakini nguvu nyingi bado inaishia kwenye pikapu barabarani. Iende kwa mnunuzi. Nchi zinazopokea hiyo mimea ziwajibike kama zilivyobanwa juu ya pembe za ndovu, na mitandao inayotangaza bidhaa hiyo iulizwe. Pili, vijiji vya Namaqualand vipewe njia nyepesi ya kuotesha kwa mbegu na kuuza. Kuna wanaohofia kuwa vitalu vitatumika kusafishia mali ya wizi. Hofu hiyo ina msingi, lakini jawabu lake ni wakaguzi, siyo kumwacha mwanakijiji achague kati ya njaa na jela. Tatu, na hili linawahusu ninyi mlioko Muscat, London na Minneapolis mnaopenda maua ya dirishani: ulizeni. Mmea wa mbegu umenyooka, safi, unafanana na wenzake kwenye sahani. Mmea wa porini una makovu, madoa ya udongo, mizizi imekatwa, na muuzaji anababaika ukimuuliza ulikotoka. Ukiwa na shaka, weka pesa yako mfukoni.

Nimalize na la nyumbani, maana ndilo lililonifanya nikae kuandika. Mpwa wangu anatamani mimea ya Namaqualand, wakati yeye mwenyewe amezaliwa Handeni. Kwenye miamba ya wilaya yetu kuna mshubiri unaitwa Aloe dorotheae. Ukiota kivulini ni wa kijani, jua likiupiga unageuka mwekundu kama kaa la moto. Mjerumani mmoja aliuandika kitabuni mwaka 1908 na kuupa jina la bibi wa London. Leo unauzwa kwenye vitalu vya Marekani na kwingineko, watu wanaupanga kando ya mabwawa ya kuogelea. Na porini? Kwenye Orodha Nyekundu umewekwa kundi la mwisho la hatari, likifuatiwa na kutoweka. Makao yake ni sehemu ndogo sana, na ni Tanzania tu. Sitaandika ni mwamba gani, na ninyi mnaoujua naomba msiuandike popote.

Si mara ya kwanza kwa mkoa wetu. Mwaka 1892 Baron von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alituma kwao ua dogo la zambarau la Usambara. Mwaka uliofuata likapewa jina lake, Saintpaulia. Leo liko kwenye madirisha ya dunia nzima, yanauzwa kwa mamilioni. Ndugu zake wa porini wamebaki kwenye vipande vya misitu vinavyopungua, na Mtanga akiambiwa ua hilo ni la kwao anadhani unatania.

Kwa hiyo, mpwa wangu, biashara ya kuchimba sina, wala huku wala huko. Lakini kama moyo wako uko kwenye mimea kweli, anza hapo ulipo. Nenda kijijini kwa wazee na ofisi ya misitu, omba ruhusa ya kuchukua mbegu kidogo, siyo mmea. Aloe dorotheae ukishaupata mmoja wa kitalu unachipua vitoto pembeni, haukutesi. Baada ya miaka michache una mamia bila kugusa mwamba. Kuuza nje utahitaji kibali cha CITES, maana mishubiri yote isipokuwa alovera ya kawaida iko kwenye orodha yake, na hiyo safari ya ofisi kwa ofisi nitakusaidia kwa ushauri na nauli. Udongo wa kuchanganya, kiasi cha maji, kivuli, hayo ndiyo ninayofanya kila siku, nitakufundisha bure. Itachukua muda. Lakini si tumeshaona kuwa muda ndio wanaoulipia?

Mwenye maoni tofauti aniandikie, tutaelimishana, sina hasira. Dada, mwambie kijana mjomba hajakasirika. Shangazi poleni na mguu. Vijana wa Chanika Handeni, salaam zenu zimefika. Tukijaliwa, Desemba tutaonana, na nikija nataka tupande wote mwambani tukautazame huo mshubiri mwekundu. Kuutazama tu, mikono nyuma.